Ufunguo wa Kabati

Kwa muda wa miaka minne nilitembea na ufunguo mdogo shingoni, umefungwa kwa uzi wa katani kama hirizi. Ulikuwa ufunguo wa kabati la vitabu katika shule moja ya msingi, kusini ya mji wa Dodoma. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu wenzangu wengi wa pale wangali hai na hawakunituma niwasemee. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Jiografia, na juu ya kazi hiyo nikaongezewa nyingine: mtunza maktaba. Maktaba ilikuwa ni hilo kabati. Lilikuwa la mbao za msonobari, mgongo wa plaiwudi, limeegemezwa ukuta wa matofali mabichi katika ofisi ya walimu, kati ya ngoma ya mchakamchaka na majembe ya shamba la shule.

Siku niliyokabidhiwa, mwaka 1992, Mwalimu Mkuu aliniambia maneno machache. "Mwalimu, humu mna vitabu mia mbili na kumi na vinne. Siku utakapohama tutavihesabu. Kitakachopungua kitatoka katika mshahara wako." Hakuwa mtu mkali. Alinipa maneno yaleyale aliyopewa yeye na waliomtangulia, kama mtu anavyompa mwenzake mzigo bila kuufungua. Nami mshahara wangu, na msomaji aliyekuwa mtumishi miaka ile ananielewa, haukutosha hata usipokatwa.

Naandika habari hizi kwa sababu swali lililozaliwa na kabati lile halijaniachia mpaka leo, nami sasa ni mzee wa kustaafu. Mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine, ana haki gani ya kuihatarisha mikononi mwa mtoto? Na asipoihatarisha, ameilinda kwa ajili ya nani?

Mwanzoni sikuliona kuwa ni swali. Niliweka utaratibu. Kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi ishirini wa darasa la tano hadi la saba walikaa mbele yangu kwa zamu, wakasoma saa moja, wakarudisha, nikahesabu, nikafunga. Hakuna kitabu kilichovuka mlango. Sababu nilikuwa nazo tele. Watoto wale walitoka katika nyumba za tembe, ambamo watu, ndama na mbuzi hulala chini ya dari moja la udongo. Taa ni koroboi, na koroboi hutoa masizi kuliko mwanga. Mvua ikinyesha, dari huvuja. Kuna mdogo wake anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kwa kila mtoto aliyeniomba nilikuwa na jibu, na jibu langu lilikuwa la kweli.

Katika zamu zile alikuwako msichana mmoja wa darasa la sita, mwembamba, mwenye kusoma huku midomo ikicheza bila sauti. Kwa wiki tano alikuwa akiendelea na hadithi moja, kipande kwa kipande. Wiki ya sita kengele ikalia akiwa amebakiza kurasa kama nane. Akaja mezani kwangu, akapiga goti kama wafanyavyo mabinti wa kwetu mbele ya mkubwa, akasema, "Mwalimu, naomba niende nacho nyumbani. Kesho nitakirudisha kabla ya namba." Nikamwambia haiwezekani, hiyo ni mali ya serikali. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu, nisimulie mwisho wake."

Sikuujua mwisho wake. Kitabu kile nilikuwa nimekihesabu mara nyingi, lakini sikuwa nimekisoma.

Nikamwambia, "Utausoma mwenyewe Alhamisi ijayo." Alhamisi iliyofuata hakuja. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule, uwele umekaukia shambani, na shangazi yake alikuwa amemchukua kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Niliambiwa hivyo na mwenzake wa dawati moja, na sikumsikia tena.

Likizo ya Desemba iliyofuata mvua ilianza vizuri. Mwenyeji wa Ugogo anajua kwamba mvua zikianza, mchwa nao huamka. Shule ilipofunguliwa nilifungua kabati, nikaona vitabu vimesimama vilevile, migongo yao imenyooka kama askari wa gwaride. Nikavuta kimoja cha rafu ya chini. Kilikuja chepesi. Mkononi nilikuwa na mgongo na jalada la mbele, na kati yake udongo mkavu uliojengwa vizuri, wenye vijia. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakatoboa plaiwudi kwa nyuma, wakaanza upande wa kurasa na kuiacha migongo iliyotutazama. Rafu mbili zote zilikuwa hivyo. Tulihesabu vitabu tisini na kimoja.

Nililala usiku ule nikipiga hesabu ya miezi mingapi nitakaa bila mshahara. La hasha, haikuwa hivyo. Ikaitwa kamati ya watu watatu: Mwalimu Mkuu, Mratibu wa Elimu wa Kata na mimi. Tukaorodhesha majina ya vitabu, mbele ya kila jina tukaandika "kimeliwa na mchwa", tukatia saini na mhuri, mabaki yakachomwa moto shimoni nyuma ya vyoo. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza na kila mtu ameshika soda yake. Vitabu vilifutwa katika leja, na hakuna aliyekatwa hata senti moja.

Nilipokuwa nikitazama moshi ule ndipo nilipomkumbuka yule msichana. Kama ningempa kitabu kile akakipoteza, ningelipa. Nilimnyima, mchwa wakakila, nami nimesamehewa. Ukweli ni kwamba utaratibu wetu ulikuwa na nafasi ya kitabu kilicholiwa na mdudu, lakini haukuwa na nafasi ya kitabu kilichosomwa na mtoto mpaka kikaisha. Mdudu alikuwa bahati mbaya, na mtoto alikuwa uzembe wa mwalimu. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwekwa kati ya mambo hayo mawili, atafunga kabati. Nami nilifunga. Nilikuwa nalinda mshahara wangu, na kazi hiyo nikaiita kulinda vitabu.

Nisije nikadhaniwa nasema ya kale tu. Hivi karibuni, Dodoma ikiwa imeshapewa hadhi ya jiji tangu 2018 na wizara zimehamia, nilialikwa katika shule moja kutazama maktaba mpya. Ilikuwa nzuri. Rafu zake fupi, za kimo cha mtoto, vitabu vya picha za rangi, mkeka wa kukalia. Vitabu vingi vilikuwa bado ndani ya nailoni zake. Nikamwuliza yule mwalimu kijana, kwa upole, kwa nini hajavitoa. Akacheka kwa aibu, akasema, "Mzee wangu, vikipotea anayelipa ni mimi." Sikumjibu kitu. Nilitamani kumwonyesha alama ya uzi shingoni mwangu, lakini alama hiyo imefutika siku nyingi.

Iko habari nyingine ya mchwa ambayo sipendi kuisimulia, ila bila hiyo nitakuwa nimesema nusu. Juu ya kabati lile kulikuwa na kopo kubwa la bati, la biskuti. Ndani yake tuliweka vijitabu kumi vilivyoletwa na watu wa afya, vilivyoeleza kwa lugha nyepesi namna mwili wa kijana unavyobadilika, jinsi mimba inavyotunga, na ugonjwa wa UKIMWI unavyoambukizwa. Kikao cha walimu kiliamua "vihifadhiwe kwanza" mpaka wazazi waulizwe. Wazazi hawakuulizwa. Mzee mmoja wa kamati ya shule alituambia mambo hayo yana wakati wake na watu wake wa kuyasema, nasi tukashukuru kupata sababu.

Mzee yule hakukosea. Wagogo, kama makabila mengine ya nchi hii, walikuwa na jando na mafundisho ya wasichana, na elimu hiyo ilikuwa na mlango na bawabu. Lakini bawabu wa zamani alikuwa na wajibu wa kufungua siku ilipofika. Bibi aliyekaa na mjukuu wake bila kumwambia kitu angeonekana amemdhulumu. Sisi wa shule tulichukua kufuli tukauacha wajibu. Mwaka ule msichana mmoja wa darasa la saba aligundulika ana mimba, akafutwa katika rejista kama ilivyokuwa taratibu ya siku zile. Ni mwezi Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba msichana wa namna hiyo aruhusiwe kurudi darasani baada ya kujifungua. Sitasema kijitabu kingemwokoa, kwani mambo yaliyompata yalihusu mtu mzima aliyejua alichokuwa akifanya. Lakini alikaa shuleni kwetu miaka saba, na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili yake yalikuwa hatua kumi kutoka dawati lake. Mchwa walipokula kabati, kopo la bati hawakuliweza. Vijitabu vyote kumi vilitoka vizima, vipya, havijafunuliwa.

Kwa hiyo kulikuwa na ulinzi wa namna mbili. Mmoja ni wa kukilinda kitabu kisifikiwe na mtoto, na mwingine ni wa kumlinda mtoto asifikiwe na kitabu. Nilidhani vinatofautiana. Nilipovitazama vyote viwili katika chumba kimoja, asubuhi moja, nikaona aliyelindwa ni mtu yuleyule: mwalimu, asije akaulizwa.

Mwaka 1995 nilipelekwa kwenye semina ya siku tano ya walimu wanaotunza maktaba. Tulifundishwa kupiga mhuri ukurasa wa ndani, kuandika namba za Dewey mgongoni, kuvisha jalada la karatasi ya kaki, kujaza leja. Yote ni mambo ya lazima, sina dharau nayo. Lakini siku nne zilipita bila mtoto kutajwa isipokuwa kama mharibifu. Hata jina la kazi yetu linatusaliti. Mkutubi ni neno lililotokana na Kiarabu, na kiini chake ni vitabu. Ukilitenguatengua neno hilo utakuta vitabu ndani yake, wala hutakuta msomaji.

Siku ya tano alasiri, watu wameshafungasha, mwezeshaji wetu alitueleza habari za Mhindi mmoja, Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyefanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na mwaka 1931 akatoa kanuni tano za maktaba. Ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Tulicheka. Mtu mzima, mwanahisabati, avuke bahari kwenda Uingereza kusomea kazi hiyo, kisha aje aseme hivyo tu? Mwezeshaji akangoja tunyamaze, akatuuliza, "Katika vitabu vya shule yako, ni vingapi vilivyotumika mwaka jana?" Hakuna aliyejibu. Akatuambia tena kwamba huko Ulaya ya kale vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, kwa kuwa kila kimoja kiliandikwa kwa mkono na kilikuwa na thamani kubwa, na kwamba minyororo mingine iliendelea kuwapo hata uchapaji ulipokwisha kuvifanya vitabu kuwa rahisi. Nikafikiri, kwetu sisi kitabu kimechapishwa kwa mashine, lakini kimetufikia kwa uchache kana kwamba kimeandikwa kwa mkono.

Maana uchache ndio mama wa kufuli, na haufai kudharauliwa. Nchi hii ilianza na nia njema. Tangu 1948 Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ya serikali za kikoloni, ilikuwa ikizungusha masanduku ya vitabu. Sheria ya huduma za maktaba ya Tanganyika ilipitishwa 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Kisha mwaka 1974 pale Musoma ikaamuliwa kila mtoto aingie shule, wakaingia kwa mamilioni, jambo la kheri kabisa. Madarasa yakajaa. Lakini karatasi haikuongezeka kwa kasi ya watoto, na baada ya vita vya Kagera na miaka mibaya iliyofuata ilipungua. Mtoto wa Mpwapwa au Kondoa wa miaka ya themanini aliweza kumaliza darasa la saba bila kushika kitabu cha hadithi hata kimoja. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, ukasaidia wachapishaji wetu kutoa hadithi kwa Kiswahili na kuzifikisha shuleni. Mwaka 1994 UNESCO nayo ikarudia katika tamko lake kwamba huduma ya maktaba ya umma ni ya watu wote kwa usawa, bila kubagua umri. Umri. Neno hilo lilinichoma nilipolisoma, kwa sababu kufuli yangu haikumzuia mwalimu hata mmoja kwenda na kitabu nyumbani. Iliwazuia watoto tu.

Niliporudi kutoka semina Mwalimu Mkuu alikuwa mwingine. Nikamwomba tuazimishe vitabu. Akakubali kwa sharti kwamba nijue mwenyewe nitakavyojibu. Aliyenipinga kwa hoja ni mwalimu mmoja mkongwe, mtu niliyemheshimu. "Mdogo wangu," akasema, "kitabu hiki ni kimoja na watoto wa darasa hili ni arobaini. Ukimpa huyu akakipoteza, umewanyang'anya thelathini na tisa ili umfurahishe mmoja. Huruma yako itawagharimu wengine." Hoja hiyo nimeigeuza kila upande na mpaka leo siwezi kuitupa. Mwenye huruma kwa mali isiyo yake huonekana mkarimu kwa urahisi sana. Kitu kimoja tu kilichoniwezesha kuendelea ni hesabu ya mchwa. Kabati lilikuwa limewanyang'anya wote arobaini, wala hakuna aliyefurahi.

Nikajifanya mjanja. Nikaweka udhamini wa dawati. Watoto watatu wanaokaa dawati moja wadhaminiane: mmoja akipoteza, wote watatu wanafungiwa mpaka mwisho wa mwaka. Kwa wiki kadhaa vitabu vilikwenda na kurudi kama saa. Nilijisifu. Nikaona nimepata njia ya kuwaamini watoto bila kupoteza kitu.

Kisha mvulana mmoja wa darasa la tano hakuonekana shuleni siku nne. Siku ya tano nikawauliza wenzake wa dawati, wakatazamana. Mwishowe mmoja akasema kitabu kimeliwa na mbuzi, nao walimpiga njiani ili kiwe fundisho. Walisema bila haya, kama watu waliotimiza kazi niliyowapa. Na ndivyo ilivyokuwa. Hofu niliyoivaa shingoni kwa miaka minne nilikuwa nimeivua nikawavisha watoto wa miaka kumi na mmoja. Kuamini huko hakukuwa kuamini. Nilikuwa nimewakodi walinzi wasiolipwa.

Jioni ile nikaenda kwao, mwendo wa saa moja na nusu katikati ya mibuyu. Nilimkuta baba yake anashona ngozi mlangoni pa tembe. "Mbukwa," nikasalimu, tukasalimiana kirefu kama ilivyo ada, habari za mvua, habari za mifugo, mpaka nikaletewa kigoda. Mvulana alitoka ndani, jicho moja limevimba, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Akakiweka miguuni pangu. Lilikuwa jalada la kitabu na kurasa zake nyingi, ila za mwisho zilikuwa zimeng'olewa na alama za meno zikaonekana.

Mzee hakuomba radhi. Alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe ni mtoto wa huku. Mtu akikuwekea ng'ombe wake ufuge, na ng'ombe akafa, unampelekea nini?"

Nikasema, "Ngozi, baba."

"Basi, ngozi ndiyo hiyo."

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze. Mwenye ng'ombe wengi katika nchi hii kame hawalazi wote katika zizi lake. Huwagawa kwa jamaa na marafiki, wawili huku, watano kule, vijiji mbalimbali. Anayefuga hunywa maziwa na hutumia samadi; ndama ni wa mwenyewe. Ukame ukipiga huku, au ugonjwa ukiingia kule, hawafi wote. Na ng'ombe akifa kwa mfugaji, mfugaji huleta ngozi na kueleza ilivyotokea, na mambo huishia hapo. Akija mikono mitupu, hapo ndipo maneno huanza. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wameshalijibu zamani swali lililonilaza macho. Walijua mali iliyorundikwa zizi moja ndiyo iliyo hatarini, na kwamba aliyeaminiwa hudaiwa habari ya ukweli, hadaiwi kuzuia kifo. Nilizaliwa katika desturi hiyo, nikaenda chuo cha ualimu, nikaisahau mara tu niliponing'iniza ufunguo.

Nikafuta udhamini wa dawati. Kanuni mpya ilikuwa ngozi: kitabu kikiharibika, lete kilichobaki, eleza, umesamehewa, chukua kingine. Nilipoitangaza, yule mwalimu mkongwe alitikisa kichwa. Mwaka uliofuata vitabu kumi na kimoja havikurudi vizima. Tisa vililetwa ngozi. Viwili havikuletwa kabisa. Na sitaficha kwamba katika zile ngozi tisa mojawapo ilikuwa ya uongo. Mvulana aliniletea jalada tupu akasema ni mvua, na wiki mbili baadaye nikanunua karanga stendi ya basi, nikafungua kikaratasi, nikakuta nasoma katikati ya hadithi ninayoijua. Nilikula karanga zile polepole sana. Mwalimu mkongwe angefurahi kuisikia habari hiyo, kwa hiyo sikumwambia. Yule mvulana niliendelea kumwazima. Kama nilifanya vizuri, sijui. Sikutaka kuirudia kazi ya bawabu kwa ajili ya karanga.

Turudi kwa kitabu cha mbuzi. Hakikuwa kile cha yule msichana. Kile kilikwenda na mchwa. Nimekitafuta katika maduka mara kadhaa, hakichapishwi tena, na mwisho wake sijaujua.

Hiki cha mvulana kilipungukiwa na kurasa sita za mwisho. Palepale mlangoni pa tembe nikamwuliza, kwa kusema tu, kama anakumbuka yaliyokuwamo. Akaanza kusimulia. Hakusimulia kama mtu anayefupisha. Alisema maneno ya kitabu, pamoja na "akasema" na "akajibu" zake. Sikupaswa kushangaa. Watoto wa Ugogo hulelewa kwa ngano za jioni, na wengi wao walizijua ngonjera ndefu za sikukuu za shule, zile zilizoanzishwa na Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapohapo Dodoma, bila kuwahi kuona kitabu chake. Alikisoma kitabu chetu mara ngapi? Akasema mara nne, malishoni. Ndiyo maana mbuzi alimkuta nacho.

Nilirudi siku ya pili na karatasi. Yeye akasema, mimi nikaandika kwa penseli, baadaye nikanakili kwa wino na kuzishona kurasa zile ndani ya jalada kwa uzi uleule wa katani niliokuwa nimeutoa shingoni. Kitabu kikarudi kabatini na kuazimwa na wengi. Sikumbuki mtoto aliyelalamika kwamba mwisho wake umeandikwa kwa mkono.

Mwaka 2004, nikiwa nimehamia shule nyingine, nilikikuta kitabu hicho kwa muuza vitabu vikuukuu mjini Dodoma, kizima, jalada limepauka. Nilikinunua, nikaenda nacho nyumbani, nikatoa zile karatasi za penseli ambazo nilikuwa nimezihifadhi, nikalinganisha sentensi kwa sentensi. Kurasa tano zilikuwa karibu sawa, neno hapa na neno pale. Katika ukurasa wa sita, kijana wa hadithi anarudi kwao baada ya taabu zake zote. Kitabu kinasema mama yake alimkumbatia na watu wakala na kunywa. Karatasi zangu za penseli zinasema kwamba kabla ya kuingia ndani, kabla hata ya kumsalimu mama yake, alipita zizini akawahesabu ng'ombe, akakuta wawili wamepungua, akawauliza wadogo zake, nao wakamwonyesha ngozi. Ndipo akaingia kula.

Nimekisoma kile cha dukani tena na tena, tangu mwanzo. Katika hadithi nzima hamna ng'ombe hata mmoja.